Piano ya babu na meno ya tembo: tuitengeneze, tuiuze ao tuiache?

Leo sitasema juu ya barabara wala bei ya unga. Nitasema juu ya piano.

Munaweza kuuliza: namna gani mutu anasema juu ya piano wakati ndugu zetu wanalala ndani ya mahema? Nilijiuliza vile vile. Lakini wengi wenu muliacha kitu fulani nyumbani: kabati ya mama, mashini ya kushona, picha za ndoa. Na kila jioni munajiuliza kama kitu hicho kingaliko. Kwetu sisi kitu hicho ni piano.

Iko katika nyumba ya babu hapa Bukavu, ndani ya saloni, imeegemea ukuta wa upande wa ziwa. Ina uzito wa zaidi ya kilo 200, na ninafikiri ndiyo sababu hakuna mwizi wala askari aliyeichukua. Nyuzi zake nyingi zimenyamaza. Watoto wanaweka madaftari juu yake, na mama mudogo anaweka radio yake.

Mwezi wa 2 mwaka wa 2025, vita vilipofika Bukavu, familia yetu iligawanyika. Baba mukubwa, mutoto wa kwanza wa babu, alivuka mupaka na wajukuu wake, na leo wanaishi katika kambi ya Musenyi, inchini Burundi. Sisi wengine tulibaki. Miezi kadhaa kisha pale, mutu mumoja alibisha mulango. Alikuwa amesikia kwamba tuko na piano ya zamani. Alifungua kifuniko, akapitisha ukucha juu ya kibao kimoja cheupe, akainama akiangalie vizuri kwenye mwangaza wa dirisha. Kisha akasema: «Mbao na vyuma mubaki navyo. Mimi nataka hivi vyeupe tu.»

Mama mudogo aliuliza bei. Pesa ambazo mutu huyo alitaja zingelipa masomo ya wale wajukuu wa Musenyi kwa mwaka muzima. Alituachia siku kumi za kuwaza, akaenda.

Siku hizo kumi ndizo zilinifanya nitafute historia ya piano ile. Nilikuwa nimekua karibu nayo, nikifikiri kwamba ninaijua.

Zawadi ao mushahara?

Tulipokuwa watoto tuliiita «piano ya Muzungu». Babu alikuwa mupishi wa Mubeleji mumoja mwenye shamba la kahawa. Wakati alianza kazi, muji huu uliitwa Costermansville, jina la mukubwa mumoja wa serkali ya kikoloni. Ni katika miaka ya 1950 ndipo ulirudishiwa jina la Bukavu. Wabeleji walijenga nyumba kwenye zile ncha za udongo zinazoingia ndani ya ziwa Kivu, na walitaka kuishi kama Ulaya: maua ya waridi, mvinyo, na piano ndani ya saloni.

Piano haikupandwa hapa. Mizigo mingi ya Kivu ya wakati ule ilishuka kwenye porti ya Dar es Salaam, ikapanda treni mupaka Kigoma, ikapakizwa tena ndani ya meli juu ya ziwa Tanganyika, na kumalizia safari kwa kamio. Tangu mwaka wa 1921 Ubelgiji ulikuwa na sehemu zake za porti Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Kumbukeni njia hiyo, tutairudilia.

Kwa Wabeleji piano ilikuwa pia alama ya ustaarabu. Kuanzia mwaka wa 1952, Mukongomani aliyetaka kuandikwa rasmi kuwa mustaarabu alipashwa kukubali watu waingie katika nyumba yake. Waliangalia vitanda, sahani, na namna familia inavyokula. Babu hakuomba karatasi hiyo. Alipangusa vumbi la piano kila asubuhi, lakini hakuwa na ruhusa ya kuibonyeza. Kitu ambacho bosi wake hakujua ni kwamba jioni babu alikuwa anaenda parokiani, na huko padri mumoja alimufundisha kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Mubeleji alifikiri mupishi wake anajua supu tu, kumbe alikuwa anasoma noti kumupita yeye.

Mwaka wa 1960 uhuru ulifika, na bosi alifunga masanduku. Babu alikuwa anadai mishahara ya miezi kadhaa. Pesa hazikuonekana, piano ilibaki. Watu wanane waliibeba mupaka kwa babu, wakipumuzika kila baada ya hatua kumi. Kwa hiyo baba mukubwa hapendi kabisa tuseme «piano ya Muzungu». Anasema: «Hakuna aliyetupatia zawadi. Ile ni mushahara wa baba.»

Vile vyeupe vilitoka wapi?

Piano ya kwanza ilitengenezwa karibu na mwaka wa 1700 na Bartolomeo Cristofori, fundi wa muji wa Florence, Italia. Piano za kisasa ziko na vibao 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Kwa muda murefu vile vyeupe vilikuwa vya mbao iliyofunikwa na kipande chembamba sana cha jino la tembo. Kwa kawaida ni vipande viwili vilivyounganishwa, na ukiangalia vizuri utaona mustari mwembamba pale vinakutana. Jino la kweli liko na mistari midogo ndani yake, karibu kama mbao. Plastiki haina mistari hiyo. Ndiyo ile mutu wetu alikuwa anatafuta kwa ukucha wake.

Katika miaka ya 1800, kila familia ya Ulaya na Marekani iliyopata pesa kidogo ilitaka piano. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, kuna mahali panaitwa mupaka leo Ivoryton, maana yake muji wa meno ya tembo. Fabriki za huko na za Deep River, karibu nalo, zilikata meno hayo na kuyaanika chini ya vioo ili jua liyafanye meupe. Meno mengi yalinunuliwa Zanzibar. Na Zanzibar iliyapata wapi? Tembo wa karibu na pwani walikuwa wamepungua, kwa hiyo misafara iliendelea mbele, Tabora, Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kuingia kwetu, Maniema, mupaka Nyangwe na Kasongo.

Jina kubwa la biashara hiyo ni Hamed bin Muhammed, mutu wa Zanzibar ambaye sisi tunamujua kwa jina la Tippu Tip. Kasongo ilikuwa mahali pake pa nguvu. Mwaka wa 1887 hata mufalme Leopold wa Pili alimufanya gavana wa upande wa Stanley Falls, leo Kisangani. Meno yalibebwa kwenye mabega ya watu, wengine wapagazi wa kulipwa, wengine watumwa, kwa miezi na miezi. Vijiji vilichomwa ili kupata meno, na tena ili kupata watu wa kuyabeba. Mwezi wa 7 mwaka wa 1871, David Livingstone alikuwa Nyangwe siku watu wa misafara walipofyatulia risasi wamama kwenye soko. Wengi walikufa kwa risasi, wengine ndani ya maji ya muto Lualaba wakijaribu kukimbia.

Kisha vita vya 1892 mupaka 1894, watu wa Leopold waliwashinda wafanya biashara hao, lakini biashara haikufa. Iligeuka tu njia. Badala ya kwenda mashariki, meno yalishuka kwa muto Kongo. Treni ya Matadi ilipomalizika mwaka wa 1898, mizigo ikawa mepesi zaidi kusafirisha, na Antwerp, Ubelgiji, ikawa moja ya masoko makubwa sana ya meno ya tembo katika dunia.

Sasa rudieni ile njia ya piano: Dar es Salaam, Tabora, Kigoma, ziwa Tanganyika. Reli ilijengwa karibu na njia ile ile ya misafara. Meno ya tembo yalitoka Afrika kwenye mabega ya watu, yakaenda kukatwa ngambo, na yakarudi Afrika yamebandikwa juu ya piano, kwa njia ile ile. Halafu wakamwambia mupishi asiyabonyeze.

Nilipofika hapo katika kutafuta kwangu, nilisimama kidogo. Sababu kuna kitu kingine kilichopita katika njia hiyo. Ni Kiswahili. Kiswahili cha Kongo, kile ambacho vitabu vya zamani vinaita Kingwana, kilifika kwetu pamoja na misafara hiyo. Lugha ninayosema kwenye mikro kila asubuhi iliingia katika inchi hii nyuma ya watu waliobeba meno. Lakini leo hakuna anayesema tukitupe. Tunaombea ndani yake, tunachekea ndani yake, na Mushi na Mulega wanakutana ndani yake. Kitu kinaweza kuja na biashara mbaya, na watu wakakifanya chao. Tunapashwa tu kujua kilikuja namna gani.

Vita vilipita mbele yake

Mwezi wa 8 mwaka wa 1964, waasi wa Mulele walishambulia Bukavu na kurudishwa nyuma. Mwaka wa 1967 ilikuwa mubaya zaidi: Jean Schramme na askari wa kukodiwa waliushika muji kuanzia mwezi wa 8 mupaka mwanzo wa mwezi wa 11. Familia ilikimbilia vijijini. Waliporudi, nyumba ilikuwa haina mulango, na upande wa kushoto wa piano kulikuwa tundu la risasi. Tundu hilo lingaliko. Fundi mumoja alitaka kuliziba kwa gundi na unga wa mbao, babu akakataa. Alisema: «Acha. Hiyo ni tarehe.»

Wakati ule muziki wa kanisa pia ulikuwa unageuka. Mbele ya hapo, kinanda ndicho kilikuwa na heshima, na ngoma ilibaki inje. Lakini katika mwaka wa 1958, huko Kamina, padri Guido Haazen na kwaya yake walikuwa wameimba ile Missa Luba kwa sauti za watu na ngoma, bila kinanda. Na Mutaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka wa 1963, ulifungua mulango kwa lugha na muziki wa kila inchi. Vinanda vingi vya parokia viliwekwa pembeni, panya wakakaa ndani. Babu hakununa. Alichukua nyimbo mupya za Kiswahili na za Mashi, akazitafuta mwenyewe kwenye piano yake, kwa kidole kimoja kwanza, kisha kwa mikono yote. Jirani walikuja jioni kuimba. Huo ndio wakati piano ile ilitumika sana, miaka yote iliyofuata, na Mubeleji hakuwako.

Kisha 1996, kisha 1998, kisha mwezi wa 6 mwaka wa 2004. Tarehe hizo munazijua, sitawarudishia uchungu. Tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka wa 2008, tetemeko la inchi lilisukuma piano kipimo cha mukono kutoka kwenye ukuta. Kila mara tulipokimbia, babu alifungua ubao wa chini, pale karibu na pedali, akaweka ndani vitu ambavyo hatukuweza kubeba. Na kila mara tuliporudi, piano ilikuwa pale.

Babu alikufa akiwa muzee sana. Hakuacha pesa.

Fundi alisema nini

Siku ya nne ya zile siku kumi tuliita fundi anayetengeneza vinanda vya makanisa. Alitoa ubao wa mbele, akawasha telefone yake, akaangalia kimya kwa muda murefu.

Ndani ya piano muna chuma kizito kama kitanda kilichosimamishwa. Juu yake muna nyuzi zaidi ya 200, na zote pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani zaidi ya 15. Chuma chetu ni kizima, hakina ufa. Hiyo ndiyo habari nzuri. Ubao wa sauti, ule ulio nyuma ya nyuzi, uko na nyufa mbili. Nondo wamekula kitambaa cha manyoya kinachofunika zile nyundo ndogo zinazogonga nyuzi. Nyuzi ziko na kutu. Misumari inayokaza nyuzi imelegea, sababu mbao inavimba wakati wa mvua na kukauka wakati wa jua, mwaka kisha mwaka. Na chini, kwenye muguu wa nyuma, muchwa walikuwa wameanza.

Alitueleza kwamba kuna kutengeneza na kuna kutunza, na kwamba watu wanachanganya vitu hivyo viwili. Kutengeneza kabisa ni kuagiza nyuzi, nyundo na vitambaa kutoka ngambo, kutoboa upya mashimo ya misumari, kufanya kazi miezi mingi. Bei yake inapita bei ya piano mupya ya umeme, tena mara nyingi. «Na nikigeuza kila kitu», alisema, «mutakuwa na sauti nzuri, lakini mutajiuliza ni nini ya babu imebaki».

Kutunza ni kitu kingine. Kuua muchwa. Kuisogeza mbali na ukuta wenye maji na mbali na jua la dirisha. Kuweka miguu yake juu ya vipande vya chuma. Kutoa vumbi na mayai ya nondo. Kuacha nyuzi zilivyo. Alisisitiza hili, na ninawapatia ninyi pia mulio na chombo cha namna hiyo nyumbani ao parokiani: musikaze nyuzi za zamani kwa mara moja ili zifike sauti yake ya kweli. Zinakatika, na uzi unaokatika unaweza kuumiza jicho.

Juu ya kazi ya vile vyeupe alisema maneno machache tu: «Mukivitoa, piano imekufa. Na ninyi mutakuwa wauza meno.» Alikuwa na haki. Tangu uamuzi wa mwaka wa 1989, biashara ya meno ya tembo kati ya inchi na inchi imekatazwa karibu kila mahali, na sheria ya Kongo inalinda tembo. Hata kuvusha mupaka piano nzima yenye vibao hivyo kunaomba karatasi za pekee. Hapa kwetu tunajua sababu. Katika mbuga ya Kahuzi-Biega, karibu tembo wote wa sehemu ya juu waliuawa mwisho wa miaka ya 1990, wakati wa vita. Mutu aliyekuja kwetu hakupenda vitu vya zamani. Alikuwa wa mwisho katika ule musafara wa Nyangwe, na alikuwa amefika ndani ya saloni yetu.

Tulichoamua

Jioni ya siku ya tisa tuliketi. Telefone ilikuwa katikati ya meza, sauti juu, baba mukubwa akiwa Musenyi. Nilikuwa nimemutumia kwanza kitu kimoja: kwa kifaa changu cha kazi nilirekodi vibao vyote 88, kimoja kimoja, kutoka kushoto mupaka kulia. Vilivyojibu ni 37. Vingine vilitoa tu mulio wa mbao.

Tulikuwa tumechanga dola 240 ili kuanza kutengeneza. Kaka yangu alitaka tuendelee, hata kidogo kidogo. Mama mudogo alisema: «Mutoto hali piano.» Kaka alijibu kwamba tukisema vile kila mara hatutabaki na kitu. Walikuwa na haki wote wawili, na hapo ndipo ugumu. Sauti zilipanda. Baba mukubwa alikuwa kimya mupaka tukafikiri laini imekatika.

Kisha alisema: «Nimesikia zile 37. Zinatosha ule wimbo wa jioni, nimehesabu. Musiuze meno. Lakini musitengeneze pia. Piano inajua kungoja. Watoto hawajui.»

Ndivyo tulifanya. Dola 40 zilimulipa fundi kwa dawa ya muchwa, usafi na vipande vya chuma. Dola 200 zilienda Musenyi kwa masomo. Hazikufika hata nusu ya pesa ambazo yule mununuzi alitaja. Nasema hivyo kusudi musifikiri kwamba uamuzi wetu haukutuomba kitu. Siku ya kumi alirudi, akaongeza bei, na mama mudogo, yeye mwenyewe aliyesema mutoto hali piano, ndiye alimufungia mulango.

Fundi alipokuwa anasafisha chini, karibu na pedali, alitoa bahasha moja ya plastiki. Ndani yake mulikuwa diploma ya baba mukubwa na karatasi za parseli. Alikuwa ameziweka usiku ule wa kukimbia, kama baba yake alivyofanya siku zote, na katika mateso ya safari hakukumbuka tena kama alizibeba ao alizipoteza njiani. Nilimupigia telefone. Alilia. (Kwa wale wanaosoma na mawazo mabaya: karatasi hizo hazimo tena pale.)

Kwa hiyo kwa leo jibu letu ni hili: kutunza, si kutengeneza, na si kuuza. Kwenu inaweza kuwa jibu lingine, na hakuna mutu wa kukuhukumu ikiwa uliuza mashini ya mama ili mutoto apate dawa. Lakini mbele ya kuuza, fanya vitu vitatu visivyoomba pesa. Piga picha ya kitu hicho, mbele na nyuma. Uliza muzee wa familia kilikuja namna gani, kilitoka kwa nani na kwa bei gani, hata ikiwa ni bei ya aibu. Na rekodi sauti yake akieleza. Kitu kinaweza kubaki nyuma ya mupaka, sauti inaingia katika telefone.

Sisi sasa tumeacha kusema piano ya Muzungu. Kwa watoto tunasema: iko na meno ya tembo wa Afrika, mushahara wa babu, risasi ya 1967, na wimbo wa jioni wa sauti 37. Wakiuliza ni lini itaimba zote 88, tunawajibu: siku wale wa Musenyi watarudi, tutachanga tena.

Na wewe, uliacha nini nyumbani? Tutumie sauti yako, tutaisikilizisha.